Masharubu ya Ramprasad na Ugonjwa wa Bibi

Picha ya Gol Maal niliiona mara ya kwanza mwaka 1987, Ngamiani, Tanga, katika sebule ya jirani yetu aliyekuwa na deki ya video. Wakati ule Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni, na haikukipata mpaka 1994, kwa hiyo mwenye deki alikuwa mtu mkubwa mtaani. Kanda zilikuja na mabaharia, na jamaa waliotoka Mombasa na Uarabuni, zikapita mkono kwa mkono hata picha ikaanza kunyesha mvua. Tulilipa kidogo, tukavua viatu mlangoni, tukabanana mkekani magoti kwa magoti. Waliokosa nafasi walitazamia dirishani.

Mkalimani wetu alikuwa kijana wa mwenye nyumba. Kihindi hakufundishwa na mtu, alikiokota kwenye majumba ya sinema tangu angali mdogo. Sisi watu wa pwani tumelelewa na picha za Kihindi. Wazazi wetu waliimba nyimbo za Awaara ya Raj Kapoor, iliyotoka 1951, na waimbaji wetu wa taarabu wamezitwaa mara nyingi tuni za Bombay wakazivisha maneno ya Kiswahili. Hata hivyo jioni ile hatukwenda kwa ajili ya nyimbo. Tulitaka ngumi. Tulimtaka Amitabh Bachchan avunje meza na milango. Tukaletewa mwanamume mwembamba, mpole, mwenye masharubu, anayetafuta kazi ya hesabu.

Tulinung'unika, nadhani hata mwenye nyumba aliona haya. Baada ya nusu saa hakuna aliyenung'unika tena. Vicheko vilizidi mpaka mkalimani akashindwa kufasiri, akawa anaelekeza kidole tu kwenye kioo huku machozi yakimtoka.

Kwa asiyeiona, kisa chenyewe ni hiki. Ramprasad ni kijana msomi wa uhasibu, hana wazazi, anaishi na dada yake na anahitaji kazi. Ipo nafasi katika kampuni ya mzee mmoja anayeitwa Bhavani Shankar. Mzee huyu ana mambo yake. Anaamini kwamba masharubu ndiyo kipimo cha mwanamume. Hapendi vijana wenye nguo za kisasa, na hapendi kabisa kijana anayejishughulisha na michezo. Ramprasad anapenda michezo, anapenda kuimba, na anapenda shati zuri. Basi anaazima vazi la kienyeji, nalo linakuja fupi, naye anamweleza mzee kwamba ufupi ule ni kubana matumizi ya kitambaa. Anapoulizwa habari za Pelé anajifanya hamjui, ilhali Pelé alikuwa ameshafika India mwaka 1977 na kucheza Calcutta. Mzee anafurahi. Kazi inapatikana.

Siku moja ipo mechi ya hoki. Ramprasad anaomba ruhusa akisema mama yake anaumwa, naye mama alishakufa zamani. Anakwenda uwanjani, na mwajiri wake anamwona kwa macho yake. Kesho yake, akiwa amebanwa kwenye kona, anatoa la kutoa: yule wa uwanjani siye mimi, ni pacha wangu, anaitwa Lakshman, jina la mtaani Lucky, hana masharubu na hana adabu. Tangu hapo mtu mmoja anaishi kama watu wawili. Ramprasad anavaa masharubu ya bandia na kwenda kazini. Lucky anayavua na kwenda kumfundisha muziki binti wa tajiri. Mzee anampenda wa kwanza na kumchukia wa pili. Binti naye, moyo wake uko kwa huyo huyo wa pili. Na kwa kuwa uongo wa kwanza ulikuwa na mama ndani yake, inabidi mama naye atafutwe.

Aliyetengeneza picha hiyo ni Hrishikesh Mukherjee, mwaka 1979. Ulikuwa wakati wa Amitabh, wakati wa steringi mwenye hasira anayepigana na watu kumi. Mukherjee alishika njia yake, akawa anatengeneza picha za watu wa mishahara midogo na nyumba za kupanga, watu wanaoogopa kuchelewa kazini. Hata Amitabh tuliyemtaka sana anaonekana humo kidogo, akicheza kama yeye mwenyewe, halafu anapita. Steringi ni Amol Palekar, ambaye kabla ya sinema alikuwa mfanyakazi wa benki, na ukimtazama anavyoshika karatasi za ofisi unaamini. Kwa picha hiyo Palekar alipata tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora wa kiume, na Utpal Dutt, aliyecheza mzee Bhavani Shankar, akapata ya mchekeshaji bora.

Nilitoka sebuleni usiku ule nikiwa mwepesi kama karatasi. Wenzangu walikuwa wakiigiza sauti ya mzee. Mimi nilikuwa na jambo langu, na sikumwambia mtu. Nilikuwa nimeona maisha yangu.

Mapema mwaka huo nilikuwa nimepata kazi ya ukarani katika duka la vifaa vya ujenzi: misumari, mabati, rangi, bawaba, makufuli. Tajiri yetu alikuwa mzee wa swala tano, mnyofu katika mizani, mkali katika muda. Dukani hakukuwa na redio. Siku ya kunisaili aliniuliza mambo matatu: kama najua kuandika leja, kama navuta sigara, na kama ni mtu wa mpira. La kwanza nilisema kweli. La pili nilisema kweli. La tatu nikasema, "Mpira siujui, mzee," nikiwa nimevaa kofia ya viua niliyoazima kwa mjomba.

Nami nilikuwa winga wa kushoto wa timu ya mtaa. Uwanjani walikuwa wakiniita Mkizi, kwa namna nilivyoruka, na wapo watoto wa Ngamiani ambao jina langu jingine hawakulijua. Kuanzia saa mbili asubuhi nilikuwa karani mwenye kofia, asiyeinua macho kutoka kwenye daftari. Saa kumi na moja jioni nilivaa njumu. Njia ya kutoka dukani kwenda uwanjani nilikuwa nikiizungusha barabara tatu zaidi, nisije nikakutana na mtu wa duka.

Nataka kueleza kwa nini, kwa sababu msomaji wa leo anaweza kudhani ni utoto. Maisha yalikuwa magumu. Mwalimu Nyerere alikuwa amemwachia Mzee Mwinyi nchi mwaka 1985, bidhaa zilianza kurudi madukani, lakini shilingi ilikuwa ikishuka thamani kila ukiamka. Mshahara wangu uliwalisha watu wanne: mimi, wadogo zangu wawili, na bibi aliyetulea. Na wakati ule karibu kila mtu niliyemjua alikuwa na maisha ya pili. Mwalimu alipika vitumbua nyumbani, mkewe akaviuza, na shuleni hakuvitaja. Karani wa serikali alikuwa na ng'ombe kwa shemeji yake. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limekataza viongozi kuwa na mishahara miwili au kupangisha nyumba, na marufuku hiyo haikulegezwa mpaka Azimio la Zanzibar la 1991. Ilikuwa sheria ya viongozi, sisi wadogo haikutuhusu, ila hewa yake tuliivuta wote: la pili lolote ulilonalo, lifiche.

Basi mwaka 1988 ukaingia. Watu wa Tanga wa umri wangu hawahitaji kuelezwa mwaka huo. Ni mwaka Coastal Union ilipochukua ubingwa wa ligi. Mji ulikuwa haulali. Coastal na African Sports wakikutana uwanja wa Mkwakwani, baba na mwana walikuwa hawasalimiani mpaka Jumatatu. Mchezo mmoja ukapangwa Jumamosi, na Jumamosi tulikuwa tukifanya kazi mpaka jioni.

Ijumaa nikamfuata tajiri. Nikamwambia, "Mzee, bibi anaumwa. Kesho nataka nimpeleke hospitali ya Bombo."

Maneno hayo sikuyatafuta. Yalikuwa tayari kichwani tangu ile sebule, nami niliyatoa kama Ramprasad, kwa sauti ya chini, macho chini. Tajiri akafungua droo. Akatoa noti mbili za mia, akazikunja, akanitia mkononi. "Mpe pole," akasema. "Mwambie namwombea."

Jumamosi nilikuwa Mkwakwani. Nilipiga kelele hata sauti ikakauka. Pesa za tajiri zilikuwa mfukoni, na mpaka leo naukumbuka uzito wake kuliko ninavyokumbuka mabao.

Jambo ambalo picha haikunionya, au nilikuwa sijaliona, ni kwamba kwetu mgonjwa haumwi peke yake. Ukisema una mgonjwa, umewapa watu kazi. Jumatatu tajiri aliniuliza, "Bibi vipi?" Nikasema presha imepanda. Jumanne mama aliyekuwa akitupikia chai dukani akaniletea majani ya mlonge. Jumatano mpakiaji mmoja akanipa jina la mganga wa Pangani. Ugonjwa ulitaka kulishwa kila siku. Nikaanza kusahau niliyosema, nikaogopa kujichanganya, basi nikafungua ukurasa wa mwisho wa leja, ule unaobaki mweupe, nikaandika kwa penseli: Jumatatu, presha. Jumatano, miguu imevimba. Ijumaa, anakula kidogo. Mtu niliyeajiriwa kwa sababu hesabu zangu ni safi nilikuwa nimefungua hesabu ya pili katika daftari lile lile.

Na kwa kuwa ugonjwa ulikuwa hai, niliutumia. Kulikuwa na mazoezi ya timu. Mara mbili nikaomba kutoka saa tisa, nimpeleke bibi kuangaliwa. Mara mbili nikaruhusiwa.

Jumapili ya wiki ya tatu nilikuwa natoka mazoezini, njumu shingoni, jezi imelowa. Nilipita mlango wa uani kama kawaida. Kabla sijauvuka nikaona baiskeli imeegemezwa ukutani. Kengele yake haikuwa na kifuniko. Baiskeli ile nilikuwa nikiifuta vumbi kila asubuhi.

Nilizisokomeza njumu kwenye pakacha la makaa, nikavua jezi, nikavaa shati lililokuwa limeanikwa, bado bichi. Nikachungulia.

Bibi alikuwa ameketi mkekani chini ya mwarobaini akisuka ukili. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, mzima kama jiwe. Asubuhi ile alikuwa amechota ndoo mbili za maji na kukataa kusaidiwa. Mbele yake, kwenye kigoda, ameketi tajiri kwa kanzu nyeupe, miguuni pake mfuko wa machungwa ya Muheza na kopo la maziwa ya unga.

"Pole na maradhi, bi mkubwa," akasema.

Vidole vya bibi vilikuwa vikienda. Nilikuwa nikiviona tangu utotoni vikienda hivyo, anasuka huku anazungumza, anasuka huku anasinzia, na sikumbuki kuviona vikisimama katikati ya mshono. Vikasimama. Aliutazama ule ukili kana kwamba umekatika. Kisha akainua macho, akaniona mlangoni, na shati bichi, na jasho.

Alivuta khanga iliyokuwa kiunoni, akajifunika mabega. Ilikuwa jioni ya joto, hakuna hata jani lililotikisika. Alijifunika polepole kama wanavyojifunika wagonjwa.

"Nimeshapoa," akasema. "Alhamdulillahi. Mungu mkubwa."

"Alikupeleka nani Bombo?"

"Huyu huyu," akasema, akininyooshea kidole. "Mume wangu huyu."

Bibi zetu hutuita hivyo kwa utani, na tajiri akacheka. Mimi sikuweza kucheka. Mzee akasema asingekaa sana, asije akamchosha mgonjwa, ila aombe dua kabla hajaondoka. Akainua mikono. Akaomba kwa utulivu, kwa Kiarabu kisha kwa Kiswahili, Mwenyezi Mungu ampe shifaa huyu mama yetu, ampe umri. Bibi akaitikia amini. Nami, kwenye mlango ule ule, nikaitikia amini.

Alipoondoka bibi hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alibeba machungwa akayaweka juu ya kabati, hakulila hata moja wala hakuwaruhusu wadogo zangu. Usiku, baada ya kula, ndipo aliposema, "Yale machungwa ni ya mgonjwa. Kesho mtafute mgonjwa umpelekee." Akanyamaza tena. Halafu akasema, "Nimeomba Mungu miaka yote asinilaze kitandani. Leo nimeitikia amini ya ugonjwa nisio nao. Kesho utamwambia yule mzee. Usipomwambia, nitakwenda mwenyewe kwa miguu."

Ningeliweza kuandika kwamba nililia. Nililala macho wazi, hicho ndicho nilichofanya. Nilikuwa nikipiga hesabu: kodi, unga, karo, wiki ngapi tutaishi bila mshahara. Na katikati ya hesabu ile nikawa namwona akivuta ile khanga. Kwa miaka niliyoishi naye nilikuwa sijamsikia akisema uongo. Hakumdanganya mwenye duka, hakumdanganya mtoto ili anyamaze. Nami nilimfanya adanganye kwa mwili wake, mbele ya mgeni, katika uwanja wake, bila kumwomba.

Jumatatu tajiri alikuwa akipima misumari ya inchi nne. Nilisimama mbele ya mizani, nikasema yote: mpira, kofia ya mjomba, jina la Mkizi, Bombo, siku mbili za saa tisa. Nikafungua ukurasa wa mwisho wa leja nikamwekea mbele. Hakuusoma. Alimalizia kilo yake, akaondoa msumari mmoja uliozidi, akafunga karatasi.

"Njumu zako niliziona jana," akasema. "Kamba zilikuwa zikining'inia kwenye pakacha."

Nikamwuliza, kwa nini basi aliomba dua.

"Sikumwombea ugonjwa. Nilimwombea afya na umri. Hayo mzima na mgonjwa wote wanayahitaji."

Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba kuliko lile la kwanza. Alisema, "Siku ya kwanza nilikuuliza kama ni mtu wa mpira, ukasema siujui. Nikafurahi. Sikujiuliza kwa nini namwuliza kijana wa Ngamiani swali kama lile, wala kwa nini nimelifurahia jibu lake."

Alinikata mshahara wa siku zote nilizoiba, ikiwa ni pamoja na ile Jumamosi. Zile mia mbili alizikataa, akasema alimpa mgonjwa, hivyo zimfuate mgonjwa. Zilikwenda pamoja na machungwa kwa mama mmoja wa mtaa wa pili aliyekuwa amepooza upande. Kazini sikufukuzwa. Ruhusa ya mpira sikupewa kwa miezi mingi, na sikuiomba. Mwaka uliofuata alianza kunitoa saa kumi siku za mechi, bila kueleza kitu, akisema tu, "Nenda, watu wako wanakungoja." Nilifanya kazi pale mpaka 1992.

Gol Maal nimeitazama mara nyingi tangu hapo, na kila mara nacheka mahali pale pale. Lakini macho yangu yamehama. Zamani nilikuwa upande wa Ramprasad, nikihesabu ujanja wake. Siku hizi namtazama zaidi mzee Bhavani Shankar. Picha inampenda, na hilo ndilo linalonishangaza. Mtu mwingine angemfanya adui. Mukherjee amemfanya mtu mwema aliyeshika kipimo kibovu. Anataka uaminifu kwa moyo wake wote, naye ndiye anayewafunga watu mlango wa kuwa waaminifu, kwa kuwa ameshaamua mwaminifu anafananaje: ana masharubu, vazi la kienyeji, hajui mpira. Anayejua vipimo hivyo anaweza kuvivaa asubuhi na kuvivua jioni.

Utpal Dutt aliyemcheza hakuwa mtu wa mzaha maishani. Alikuwa bingwa wa tamthilia za Kibengali, mtu wa siasa za wanyonge, aliyewahi kufungwa na serikali mwaka 1965 kwa ajili ya kazi zake. Mtu wa namna hiyo kumcheza tajiri, na kumcheza kwa huruma kiasi kile, ni jambo ambalo mwigizaji mdogo asingeliweza. Mwisho wa picha, familia inapokusanyika kupiga picha ya ukumbusho, mzee anatokea amenyoa masharubu yake. Sebule nzima ya Ngamiani ilipasuka kwa kicheko wakati ule. Mimi naona pale ndipo penye uzito wote. Ramprasad alibandika masharubu ya uongo ili apate riziki. Mzee anayaondoa ya kweli ili akubali kwamba alipima vibaya. Tajiri yangu naye alinyoa ya kwake, mbele ya mizani, kwa maneno mawili matatu.

Wahindi wenyewe hawajaiacha picha hii. Mwaka 1981 iliigizwa upya kwa Kitamil kwa jina la Thillu Mullu, akacheza Rajinikanth, yeye aliyekuwa kondakta wa basi kabla ya kuwa nyota. Wengine wameifuata baadaye. Naamini inarudiwa kwa sababu usaili wa kazi haujabadilika sana. Ninao wafanyakazi watatu sasa, na wakati wa kuwasaili nimejikatalia swali lolote ambalo jibu lake zuri nimeshaliandika usoni. Si rahisi. Mtu anaingia na shati limenyooka, unamwamini kabla hajafungua mdomo.

Miaka michache iliyopita niliitazama Gol Maal na binti yangu, Dar es Salaam, safari hii kwenye simu, bila mvua na bila mkalimani. Alicheka sana. Ilipofika pale mama wa kuazima anapoletwa mbele ya tajiri, akaniuliza, "Baba, na huyu mama, yeye anapata nini?"

Yule mama anachezwa na Deena Pathak. Ni bibi wa watu wenye nafasi, anayependa maigizo, na anapoombwa awe mama wa Ramprasad anakubali kwa furaha. Nikamwambia binti yangu hivyo: huyu anafurahia, kwake ni mchezo. Akaridhika, akarudi kwenye picha. Mimi sikurudi. Nilikuwa Ngamiani, jioni ya joto, nikitazama khanga ikivutwa mabegani.

Bibi aliishi miaka kumi na moja baada ya ile dua. Hakuugua ugonjwa wa kulala. Habari ya machungwa hakuitaja tena, wala mimi sikuwahi kumwomba radhi kwa maneno. Nilidhani kumwambia tajiri kulitosha. Hakukutosha, ilikuwa haki ya tajiri peke yake.

Itafute Gol Maal uitazame, ina vicheko vya kukutosha wiki nzima. Ukifika pale penye mama wa kuazima, kama mama yako au bibi yako yu hai, simamisha picha kidogo umpigie simu. Mwulize ni mara ngapi amewahi kukufichia, kwa nani, na ilimgharimu nini. Kama kuna radhi ya kuombwa, iombe angali anakusikia.